Mtandao Unaojua Kusubiri

Januari 2004, kwenye nyika za Laikipia katikati ya Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wachache kola zenye kipokezi cha GPS, kumbukumbu, vipande vya sola na redio ya masafa mafupi. Walitaka kujua wanyama hao hupita wapi usiku na mchana, na hapakuwa na mtandao wa simu wa kutegemewa wa kuwaletea taarifa hizo. Hawakujenga mnara. Waliacha data itembee na wanyama wenyewe. Pundamilia wawili wakikaribiana, kola zao zilipeana kila zilichokuwa nacho, data ya kwao na ile waliyokwisha kuipokea kwa wengine. Gari la watafiti likimkaribia mnyama mmoja, lilichukua pia habari za wenzake ambao hawakuonekana siku hiyo. Mradi uliitwa ZebraNet.

Leo mfugaji wa Laikipia ana simu janja yenye uwezo mkubwa kuliko kola zote zile zikijumlishwa. Akitoka nje ya masafa ya mnara, simu hiyo haiwezi kumfikishia meseji ya WhatsApp jirani aliyesimama mita 10 kutoka kwake. Ujuzi wa kupelekeana habari bila njia iliyo wazi wakati wote upo, umejaribiwa huku huku kwetu, na bado haujaingia mikononi mwa watu ambao mtandao huwakatikia kila siku. Kwa nini? Ufundi si kikwazo kikubwa. Walioweza kuuleta hawakuwa na haja nao, na wenye haja nao hawakuitwa ulipokuwa ukipangwa. Na ile sehemu yake iliyotufikia imekuja kwa namna inayotufanya tutegemee seva ya mbali hata kwa mambo ya mtaani.

Intaneti tunayoitumia inatokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974, na ndani yake mna mambo yanayochukuliwa kuwa yapo tayari: njia iliyokamilika kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, jibu linalorudi upesi, na pakiti chache tu zinazopotea. Kabla ya herufi ya kwanza kusafiri, mashine mbili huamkiana na kukubaliana. Pakiti isipojibiwa hutumwa tena, na kimya kikizidi, muunganisho huhesabiwa umekufa. Ofisini kwenye waya hayo yote ni kweli. Kwa mtu aliye ndani ya basi, kati ya mnara na mnara, si kweli. Anapakia picha ya cheti, inafika asilimia 90, mtandao unakatika, programu inaanza upya kuanzia sifuri. Bando lililoliwa halirudi. Programu haikukosea hesabu popote, maana imetii dhana iliyojengewa, kwamba kukatika ni ajali.

Ajabu ni kwamba walioanza kuipinga dhana hiyo kwa dhati walikuwa wakiwaza sayari ya Mirihi. Mwaka 1998 Cerf huyohuyo aliungana na wahandisi wa maabara ya JPL ya NASA kufikiria intaneti ya kati ya sayari. Redio kutoka Dunia hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kwenda tu, na chombo kikizunguka upande wa pili wa sayari hakisikiki kabisa. Kuamkiana peke yake kungeweza kumaliza zaidi ya dakika 40. Mwaka 2003 mtafiti Kevin Fall aliandika makala iliyoonyesha kwamba tatizo la anga na matatizo mengi ya ardhini ni tatizo lilelile. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake Sushant Jain na Rabin Patra walichukua mfano wa kijiji cha KwaZulu-Natal chenye njia tatu za kufikika: setilaiti inayopita mara chache kwa siku, simu ya mezani, na pikipiki inayobeba data kwenye kifaa cha kumbukumbu. Swali lao lilikuwa kila furushi la habari lipite wapi, lini.

Aliyewahi kutuma mzigo kwa basi anaijua kanuni hiyo. Unaandika jina na namba ya mpokeaji juu ya boksi, unamkabidhi wakala, unaondoka. Humngoji mpokeaji afike stendi ya Mbeya ndipo gari liondoke Dar es Salaam. Gari likiharibika Makambako, mzigo unalala hapo hadi upate gari jingine. Itifaki ya mafurushi, iliyotokana na kazi hiyo, hufanya vivyo hivyo. Habari yote hufungwa pamoja na anwani, saa ya kutumwa na muda ambao baada yake haina faida tena, kisha kila mashine njiani hulitunza furushi mpaka ipate ya kulikabidhi. Maelezo yake yalichapishwa Novemba 2007, na toleo la saba likatoka Januari 2022. Novemba 2008 NASA iliijaribu kwa kupitishia makumi ya picha kwenye chombo cha Deep Impact, kilichokuwa umbali wa kilomita milioni 32 hivi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinaitumia tangu 2016. Huko angani, basi, jambo hili limekwisha kuwa kazi ya kila siku.

Ukanda wetu ulikuwa na mtandao wa namna hii kabla haujapewa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife la Marekani, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo za mzunguko wa chini kupeleka barua pepe na makala za kitabibu kwa madaktari wa Zambia, Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko. Setilaiti ilipita juu ya kituo kwa dakika chache, ikazoa barua zilizokuwa tayari, ikazibeba kwenye kumbukumbu yake na kuziteremsha ilipofika juu ya kituo kingine. Jijini Nairobi mashirika yasiyo ya kiserikali yalitumia FidoNet, iliyoanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984. Kompyuta ilikusanya barua mchana kutwa, usiku ikapiga simu ya ng'ambo na kuzisukuma zote kwa mkupuo, kwa kuwa dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa ghali mno. Aliyeandika alijua jibu halirudi leo, kwa hiyo barua ilipaswa kujitosheleza: umri wa mgonjwa, vipimo, dawa alizokwisha kupewa, na swali lenyewe.

Mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, mifumo hiyo ilionekana masalia. Tulikuwa na kila sababu ya kuufurahia mkonga. Lakini waliojenga huduma mjini walianza kuijenga kila moja kana kwamba mkonga umefika hadi mlangoni kwa kila mtu, na ujuzi wa miaka ya kungoja ukaachwa.

Wengine hawakuuacha. Mwaka 2004 Alex Pentland, Richard Fletcher na Amir Hasson walieleza mradi wa DakNet. Katika jimbo la Karnataka nchini India, basi la abiria lilifungwa kisanduku cha Wi-Fi. Likipita kijijini lilizoa maombi ya hati za ardhi, likifika mjini likayashusha. Katika mkoa wa Ratanakiri nchini Kambodia kazi hiyo ilifanywa na pikipiki zilizopita kwenye shule zenye umeme wa jua na kurudi Banlung, palipokuwa na dishi la setilaiti. Wengi husikia habari hii na kudhani ni msaada wa kimaskini. Hebu tupige hesabu. Bodaboda aliyebeba kadi ya gigabaiti 64 kwa safari ya saa 3 amesafirisha wastani wa megabiti 47 kwa sekunde, kiwango ambacho wateja wengi wa mjini wangekifurahia. Anachokosa ni wepesi, kwani baiti ya kwanza inafika baada ya saa 3. Wingi na wepesi ni vitu viwili, ila tumezoea kuuziwa pamoja kwa jina la spidi. Wanasayansi waliopiga picha ya kwanza ya shimo jeusi hawakuvichanganya. Data yao ya Aprili 2017 ilisafirishwa kwa ndege ndani ya diski, na diski za Ncha ya Kusini zilingoja miezi mpaka majira ya baridi yaishe.

Basi la abiria lina ratiba. Pundamilia hana, na hapo ndipo penye swali gumu la fani hii: ukikutana na mtu, umpe furushi au ukae nalo? Mwaka 2000 Amin Vahdat na David Becker walipendekeza umpe nakala kila unayekutana naye, kama homa inavyoambukiza. Furushi hufika, lakini kumbukumbu hujaa na betri huisha. ZebraNet ilipima njia nyingine. Kila kola ilihesabu ni mara ngapi karibuni imekutana na gari la watafiti, na data ikapewa mnyama mwenye rekodi nzuri zaidi. Data ikishafika kituoni, orodha ya kufuta ilisambazwa kutoka kola hadi kola ili nakala zilizobaki zisizidi kubebwa bure. Mwaka 2003 Anders Lindgren, Avri Doria na Olov Schelén walileta njia inayokadiria uwezekano wa kukutana kwa kuangalia historia. Doria alikuwa pia miongoni mwa waliofikiria mtandao wa Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini mwa Sweden. Mwaka 2005 ikaja njia ya kutoa idadi maalumu ya nakala kisha kungoja.

Kwa maoni yangu, utafiti ulikaa hapa muda mrefu kupita kiasi. Makala zilifuatana zikishindanisha njia hizi kwenye kompyuta, mara nyingi kwa watu wa kubuni wanaotangatanga ovyo kwenye uwanja wa mraba. Watu hawaendi hivyo. Kijiji chenye gulio kila Jumatano kina ratiba, na siku ya kliniki ya watoto inajulikana na kila mama. Gari la dagaa linaloondoka mwaloni alfajiri huondoka kila alfajiri. Ukijua mambo hayo matatu hulazimiki kukisia nani atakutana na nani. Yeyote aliyekaa kijijini wiki mbili angeweza kuchora njia bora kuliko nyingi zilizochapishwa, lakini mtu huyo hakuwa kwenye timu.

Kikwazo cha pili kiko ndani ya simu yenyewe. Watengenezaji wa mifumo ya simu hubana programu zinazotaka kutumia Bluetooth au Wi-Fi huku skrini imezimwa. Sababu wanazotoa, betri na usalama, ni za kweli. Ila simu inaweza, wakitaka. Mwaka 2020, wakati wa korona, Apple na Google walishirikiana kuwezesha simu zipeane namba za nasibu na simu za watu waliopita jirani, kimyakimya, mfukoni. Tangu 2019 Apple ina mtandao wa kutafuta vifaa vilivyopotea. Kifaa kisicho na intaneti hunong'ona kwa Bluetooth, simu ya mpita njia asiyejua lolote huichukua habari hiyo na kuipeleka kwenye seva ikipata mtandao. Google ilianza kusambaza wa kwake mwaka 2024. Huu ni mtandao unaobeba na kungoja, wa ukubwa ambao watafiti hawakuuota, na kazi yake ni kutafuta funguo na mabegi. Ungeweza kubeba majibu ya maabara kutoka hospitali ya wilaya hadi zahanati. Hakuna aliyeuamuru ufanye hivyo, kwa sababu habari inayopita bure kutoka simu hadi simu haimlipi mwenye mnara wala mwenye duka la programu.

Hata hivyo, kungoja kulipenya kwa mlango mwingine. Meseji ya kawaida, iliyotumwa kwa mara ya kwanza Desemba 1992 nchini Uingereza, hutunzwa katika kituo cha kampuni ya simu mpaka simu ya mpokeaji iwashwe. WhatsApp huonyesha tiki moja na kuhifadhi ujumbe hadi siku 30 ukimngoja mpokeaji. Mfano mkubwa zaidi uko kwenye afya. Septemba 2023 Kenya ilikabidhi vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, simu zikiwemo, na programu yao imejengwa juu ya msingi uliokusudiwa kufanya kazi bila mtandao. Mhamasishaji anapima mtoto, anajaza fomu, anaihifadhi kwenye simu, na anaendelea nyumba ya pili. Akifika penye mtandao, fomu zote zinaondoka.

Ukiitazama fomu hiyo moja kwa karibu utaona ugumu unavyohama. Mwaka mzima wa usanifu unaweza kuishia kwenye saa ya simu. Simu iliyozima chaji kabisa ikiwaka huweza kurudi na tarehe ya miaka iliyopita, na fomu ya chanjo ya leo ikasomeka ya zamani, pengine kabla mtoto hajazaliwa. Toleo la saba la itifaki ya mafurushi liliona hilo. Mashine isiyoiamini saa yake inaruhusiwa kuandika sifuri mahali pa saa ya kutumwa, kisha umri wa furushi ukahesabiwa kwa muda lililokaa kila mahali. Halafu kuna kumbukumbu ya mama mmoja iliyobadilishwa kwenye simu mbili zisizoonana. Mhamasishaji ameandika mama amehamia kijiji cha pili, muuguzi ameandika amejifungua. Hifadhidata ya CouchDB, inayotumika kwenye mfumo huo, huchagua toleo moja liwe la mbele kwa kanuni isiyobadilika na kulitunza la pili bila kulifuta. Huo ni uamuzi mzuri, kwa sharti kwamba kuna binadamu aliyepangiwa kuyaangalia yale ya pili. Asipokuwepo, habari ya kujifungua inalala humo ndani na hakuna anayejua.

Na mifumo yote hii, mizuri kama ilivyo, ina kitovu kimoja. Furushi lazima liende hadi seva, hata kama anayepaswa kulipokea yuko nyumba ya jirani. Mei 12, 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua kutoka Dar es Salaam hadi Kampala na Kigali. Waya kati ya taasisi mbili za mji mmoja haukukatika. Zilishindwa kuwasiliana kwa sababu kilichokuwa katikati yao kilihifadhiwa ng'ambo. Somo hili Nairobi ililipia mapema. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma za intaneti walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data kati yao, ili barua ya kutoka kampuni moja ya mjini kwenda nyingine isizungukie nje kwa setilaiti. Wiki chache baadaye ikaamriwa ifungwe, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyoshikilia ukiritimba wa njia ya kimataifa, na haikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Mwenye kitovu hakiachi kwa hiari. Na kitovu kikiwa kimoja, anayetaka kukizima anajua pa kwenda: Uganda ilikaa bila intaneti kuanzia Januari 13 hadi 18, 2021, wakati wa uchaguzi. Sina shaka kwamba hofu ya mitandao isiyo na swichi moja ni sehemu ya sababu hatuioni kwenye sera.

Yapo mambo yasiyoweza kungoja, na anayeutetea mtandao huu hana budi kuyataja. Gari la wagonjwa haliitwi kwa furushi la kesho. Bei ya mahindi ya juzi inaweza kumdanganya mkulima vibaya kuliko kukosa bei kabisa. Pesa ndiyo mfano mgumu kuliko yote, kwa kuwa ili shilingi ileile isitumike mara mbili ni lazima mmoja anayejua salio aseme ndiyo papo hapo. Hata hapo lakini, sehemu inayoumiza watu inatibika. Menyu ya simu inakatika mara tu baada ya kuweka namba ya siri, na mtu hajui kama pesa imekwenda. Anarudia, inakatwa mara mbili, anapanga foleni kwa wakala siku inayofuata. Ombi likipewa namba yake ya pekee kabla halijatumwa, marudio yenye namba ileile hutambuliwa kuwa ni ombi lilelile. Hili halihitaji mnara mpya.

Nitaambiwa minara inakuja. Ni kweli: Mei 2023 Tanzania ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na kila mmoja wake ni wa kushangiliwa. Setilaiti za Starlink ziliingia Rwanda na Kenya mwaka 2023. Kabla yake, Julai 2020, puto 35 hivi za kampuni ya Loon zilianza kutoa huduma ya intaneti Kenya juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, na Januari 2021 mwenye mali akatangaza kuifunga. Ufikivu unaotegemea uamuzi wa mwekezaji mmoja unaweza kuondoka kama ulivyokuja. Tena mnara ukiwepo, umeme hukatika, dizeli ya jenereta huisha, na bando humalizika tarehe 20 ya mwezi kwa mtu anayelipwa tarehe 30. Kwa mtu huyo mtandao umekatika ingawa mnara anauona kwa macho. Kukatika kwa namna hiyo hakumo kwenye ramani yoyote ya ufikivu.

Kwa hiyo mahali pa kubadilisha mambo ni pale fedha za umma zinapotoka: kwenye zabuni za mifumo ya afya, elimu, ardhi na mapato. Leo zabuni huuliza mfumo unabeba watumiaji wangapi kwa pamoja. Iulize pia unafanya nini ukiwa peke yake. Seva ya halmashauri ikae halmashauri, ipokee na kujibu hata mkonga wa baharini ukikatika, kisha iipelekee wizara yale iliyokusanya. Simu mbili za zahanati moja ziweze kupeana kumbukumbu bila kupitia Dodoma. Mtumiaji aone waziwazi kipi kimehifadhiwa kwenye simu yake, kipi kimefika halmashauri na kipi kimefika wizarani, badala ya kiduara kinachozunguka bila kusema lolote. Na kabla ya mkataba kusainiwa, mzabuni aje na simu mbili, azime data kwa siku tatu, abadilishe kumbukumbu ya mama mmoja kwenye simu zote mbili, airudishe saa ya simu moja nyuma mwaka mzima, kisha aziwashe mbele ya wahudumu watakaozitumia. Wao ndio waseme kama mfumo umefaulu.